Vanishi Haitoi Usaha

Fundi Randa hakukosa jibu, na kwa maumivu ya kukojoa jibu lake lilikuwa vanishi. Alishinda anapaka makabati, mikono haitakati, akienda msalani anajiunguza mwenyewe. Akaanza kunawa mara tatu kwa sabuni, na bado akikojoa anauma meno. Siku ya tano akaona usaha kwenye nguo ya ndani. Hapo hata yeye, mbishi asiye na mfano, akanywea.

"Vanishi haitoi usaha, baba," nesi wa zahanati alimwambia huku akimkabidhi kikopo cha mkojo. Majibu yakaonyesha klamidia, ugonjwa wa zinaa. Vidonge vipo na mtu anapona, ila akitibiwa peke yake ataambukizwa tena. "Kesho uje na mwenzako."

Kesho yake Fundi akatokea na Kipara, aliyefanya naye kazi karakana moja kwa miaka kumi na moja.

Nesi akamtazama Kipara juu mpaka chini. "Huyu?"

"Mimi nimeambiwa tunakuja kupima macho," alisema Kipara.

Tuseme ukweli: Fundi alielewa vizuri sana mwenzako ni nani. Aliogopa tu. Alikuwa na miezi mitatu tangu aoe tena, baada ya miaka sita ya kula peke yake, na siku hizi akifunga karakana anarudi nyumbani karibu anakimbia. Akimwambia mkewe habari hii, si atafungasha virago?

"Nani kamwambukiza nani, kipimo hakisemi," nesi alimweleza. "Mtu anaweza kukaa nao muda mrefu asione dalili, wanawake hasa. Nenda kamwambie." Kipara, aliyekwisha kuomba kikopo chake maadamu amefika, akamsukuma mpaka mlangoni.

Fundi alimkuta mkewe nyumbani anaanua nguo. Akayamwaga yote kwa mkupuo: vanishi, usaha, vidonge, Kipara. Mkewe akabaki na shuka mkononi.

"Umetoka nje ya ndoa?"

"Sijatoka, mke wangu. Haki ya Mungu."

Mkewe akalikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mimi tumbo la chini linanisumbua tangu kabla hujaniposa," mkewe alisema mwishowe, akilitazama shuka. "Na uchafu unanitoka. Niliona haya kwenda kupima. Nikasema nikikueleza, utaghairi."

"Nighairi wewe?" Fundi akamsogelea.

"Ila hili sikusamehi leo wala kesho," akasema, akimrushia shuka. "Yaani Kipara kajua kabla yangu!"

Akavaa viatu. Zahanati ilikuwa bado haijafungwa. Njia nzima alimgombeza kwa ajili ya Kipara, na njia nzima hakumwachia mkono.