Kitabu Kisicho na Mgongo

Kila mwezi tunakutana, sisi wachache tunaoandika na wengine wanaosoma kwa mapenzi tu, katika chumba cha nyuma cha duka moja la vifaa vya shule mjini Morogoro. Kila mmoja huja na kitabu kwapani, huwanadia wenzake, kisha tunabadilishana. Safari hii tulikubaliana tulete vitabu vya watoto, wale walioanza kuchoka hadithi za sungura lakini bado hawaoni haya kulia mbele za watu. Nje mvua ilikuwa ya manyunyu, ndani kulikuwa na harufu ya gundi na chai ya tangawizi. Mhadhiri mmoja kutoka Mzumbe, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, aliinua kitabu chembamba chenye jalada la kijani akasema, "Mimi nimewaletea hiki. Kaka na dada wanavuka pori kumpelekea babu yao redio."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

Kitabu hicho nimekitafuta tangu utotoni, rafiki yangu, bila kukumbuka jina lake wala sura ya jalada lake. Kwetu hakikuwa na jalada. Hakikuwa hata na mgongo. Ngoja nikusimulie.

Nilikulia Kinole, kule juu ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila hodi na nguo hukauka zikishapata harufu ya moshi. Asubuhi tulichota maji, tukafagia majani ya mdalasini uani, tukala mihogo ya jana iliyopashwa moto kwenye majivu. Wakubwa waliteremka na matenga ya machungwa na ndizi kichwani. Vitabu tuliviona shuleni, mikononi mwa mwalimu, na viliishia hapo hapo mikononi mwa mwalimu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa kijana wa mkoa wa mbali. Siku moja alikuja darasani na kitabu chake mwenyewe, cha hadithi, kimoja tu, nasi tulikuwa tumebanana kwenye madawati kama dagaa kwenye fungu. Alitusomea ukurasa wa kwanza, akatutazama, kisha akatoa wembe mfukoni. Tulipiga kelele kana kwamba anataka kumchinja mtu. Alikata jalada, akapasua mgongo, akatenganisha sura moja moja, halafu akazishona kila moja peke yake kwa sindano ya magunia na uzi wa katani.

"Kitabu kizima ni cha mtu mmoja," alisema. "Vipande ni vya kijiji kizima."

Ndivyo ulivyoanza mnada wetu. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, tulikaa kwenye majamvi ya kuanikia karafuu uani kwa jirani, na kila mwenye kipande alikinadi kama wazazi wetu walivyonadi machungwa. Ulitakiwa kusema kilichomo, umtie mwenzio hamu, kisha unyamaze pale pale palipo patamu. Aliyesema mwisho wa kipande tulimwita mmwaga mchuzi, na wiki nzima iliyofuata hakupewa kitu.

Bingwa wa mnada alikuwa binti wa jirani huyo, aliyekuwa rafiki yangu. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule unaotafuna viungo hasa wakati wa baridi, na kwetu baridi haikuwa na likizo. Alikuwa na macho ya manjano kidogo, miguu myembamba, na ulimi kama pilipili manga.

"Haya haya, kipande cha mto hiki hapa! Redio imeanguka majini! Imezama, haikuzama, mimi simo!"

"Juzi ulisema imeibiwa," kijana mmoja mwenye mwanya alimdaka.

"Juzi ilikuwa kipande kingine, bwege. Wewe soma, unasoma kama unakokota mbuzi asiyetaka kwenda mnadani."

Tulicheka hadi mama yake akachungulia mlangoni. Mama yule hakujua kusoma. Alikuwa anatwanga huku anasikiliza, na pale hadithi ilipokolea mchi ulisimama hewani.

Kisha mwalimu alihamishiwa Dakawa, kule bondeni kwenye mpunga. Aliondoka na begi lake na lile jalada, vipande akatuachia sisi. Msimu huo huo wa baridi rafiki yangu alilazwa kitandani na maumivu, hakuinuka tena kuja mnadani. Nikawa mimi ndiye mchukuzi wake: nikipata kipande Ijumaa, Jumamosi nakipeleka kitandani kwake, anasoma kwa sauti, mimi nikimkanda magoti kwa mafuta ya nazi ya moto. Maumivu yakimzidi alinyamaza katikati ya neno, akafumba macho, kisha akaendelea na neno lile lile pale alipolikatia.

Kipande cha mwisho kilimwangukia yule kijana mwenye mwanya. Hakukisoma. Sheria yetu ilikuwa hivyo, husomi mbele kabla hujapata cha nyuma yake, na cha nyuma yake kilikuwa kwetu, kitandani kwa mgonjwa. Alikiweka chini ya mkeka kwa bibi yake, akasubiri zamu yake kiungwana.

Bibi yake alikuwa muuza karanga.

Hapo ndipo inabidi uwajue watu wetu. Bibi yule aliheshimu maandishi kuliko wengi. Karatasi yoyote yenye herufi za Kiarabu aliiokota njiani, akaibusu, akaichomeka juu kwenye boriti isikanyagwe. Msahafu aliufunga kwa kitambaa cheupe. Kitabu cha shule pia hakukigusa kabla ya kunawa mikono. Lakini kitabu alikijua kwa jalada lake. Karatasi za kizungu au za Kiswahili, zilizolegea, zimeshonwa kwa uzi wa gunia, chini ya mkeka wa muuza karanga, kwake zilikuwa karatasi za kufungia karanga ambazo mjukuu mwema amemtafutia.

Siku ya gulio nilitumwa chumvi, nikanunua na karanga. Nilipoifungua ile karatasi iliyokunjwa kama pembe nikasoma, kwa wino uliolowa mafuta, neno redio.

Sijui nilipiga ukelele gani. Najua wenzangu walikuja mbio, na ndani ya muda mfupi watoto wa darasa zima tulikuwa gulioni, tunamsimamisha kila mtu anayetafuna.

"Shikamoo baba, tunaomba karatasi yako."

"Marahaba. Na karanga zangu nizitie wapi, mdomoni kwako?"

"Tia mfukoni, baba, tafadhali."

"Jamani, watoto wa mwaka huu wanakula karatasi!"

Wengine walitupa huku wakicheka. Nyingine tuliziokota matopeni, kati ya maganda ya fenesi na kwato za mbuzi. Yule kijana mwenye mwanya alisimama mbele ya bibi yake analia bila sauti, na bibi, kikombe cha kupimia karanga mkononi, anarudia maneno yale yale: "Mjukuu wangu, kitabu kina mgongo. Hiki hakikuwa na mgongo. Ningejuaje?" Mwalimu wetu alitaka kila mtoto apate, na kwa kukata mgongo alikuwa amekivua kitabu heshima yake yote mbele ya watu wazima. Lakini bila wembe ule tusingesoma hata mstari.

Tulizipata kurasa zote isipokuwa moja, ya mwisho kabisa. Inawezekana iliteremka na wachuuzi wa mananasi, ikaishia kwenye mtaro wa mjini. Tulizikausha zile nyingine kwa pasi ya mkaa, tukampelekea mgonjwa. Alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, kisha akazinusa akatabasamu. "Mmenikaangia hadithi," alisema.

Alisoma tukiwa tumejazana hadi kizingitini. Kaka na dada walikuwa wamevuka mto, wameipata nyumba ya babu, redio iko begani, betri zimebaki kidogo, sauti inafifia. Wanabisha hodi. Kimya. Wanabisha tena. Mstari wa chini kabisa wa karatasi ile ulisema: *Walibisha hodi mara ya tatu, na ndani*

Basi. Na ndani.

"Na ndani nini?" aliuliza, akigeuza karatasi, ambayo nyuma yake tulikuwa tumeshaisoma.

Tulijaribu kila kitu. Mjomba wake, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye sauti juu ya mtoto wa dada yake, alipanda hadi kwenye jiwe linaloshika mtandao akampigia mwalimu simu. Haikupatikana. Akapanda tena siku ya pili, haikupatikana. Sisi tukaanza kumtungia. Mmoja alisema babu alikuwa amelala. Mwingine alisema ndani kulikuwa na chui. Alitusikiliza wote, halafu akageukia ukutani.

"Msinitungie," alisema. "Nyie hamkuwepo. Nataka kilichoandikwa."

Nikimtazama nilijua, kama mtoto anavyojua mambo ambayo hajaambiwa, kwamba swali lile halikuwa la hadithi peke yake. Kila Jumamosi alikuwa amedhoofika zaidi, na kila Jumamosi jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa kama karatasi imepatikana. Nilijifunza kuingia chumbani mle nikitikisa kichwa kabla ya kusalimia.

Masika yalipokolea alizidiwa. Mjomba na wanaume wengine walimbeba kwa machela kuteremka barabarani. Mlima ulikuwa umekatika chini ya zahanati, njia yote imekuwa tope jekundu na mizizi. Walisubiri mvua ipungue. Haikupungua. Wakarudi naye, na sisi watoto tuliokuwa tumesimama chini ya migomba tuliona wamemfunika na kanga usoni, tukadhani ni kwa ajili ya mvua.

Mnada ulikufa hivyo hivyo, bila mtu kuutangaza. Ijumaa iliyofuata hakuna aliyekwenda kwenye majamvi. Vipande vikapotea kimoja kimoja, vingine viliwashiwa moto, kimoja nilikiona kimeziba dirisha la jiko. Mimi nilishuka mjini kusoma, nikajifunza kuandika hadithi, na katika kila ninayoandika hunitokea mlango wa kubishwa hodi ambao sijui nani yuko nyuma yake.

Sasa urudi nami kwenye chumba kile cha nyuma ya duka. Mhadhiri alinisukumia kile kitabu cha kijani. "Chukua, mdogo wangu. Naona kimekuchagua." Nilifungua ukurasa wa mwisho nikiwa nimesimama.

Ndani hapakuwa na mtu. Jirani anatoka na jembe, anawaambia watoto kwamba babu yao amezikwa juzi. Dada anaiweka redio dirishani, betri zinakwisha, wanaanza safari ya kurudi. Ukurasa wenyewe haufiki nusu.

Juzi nilipanda Kinole nacho. Barabara imechongwa vizuri kuliko zamani, bodaboda zinafika hadi karibu na shule. Karanga zinauzwa kwenye vifuko vya nailoni vilivyozibwa kwa moto wa mshumaa, na muuza karanga yule ameshafariki. Watoto niliowakuta njiani waliniamkia shikamoo huku macho yao yako kwenye simu ya kaka yao. Niliwauliza kama wanasoma hadithi, wakaangaliana. Uani kwa jirani majamvi hayapo. Mikarafuu imezeeka.

Mama yake rafiki yangu alikuwa amekaa kibarazani anabandua magome ya mdalasini. Nilimwamkia, akanishika uso kwa mikono yenye harufu ile ile. Nilipomwonyesha kitabu alikigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mgongo wake, taratibu, juu hadi chini.

"Kumbe kilikuwa hivi," alisema.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Usiku ule kabla ya machela mtoto hakulala kwa maumivu, akawa anauliza tu, na ndani nini, mama, na ndani nini. Yeye akachukua mojawapo ya zile karatasi za mafuta, akaisogeza kwenye kibatari, akaikazia macho kama wanavyofanya wasomaji. "Nikamwambia imepatikana. Nikasoma. Na ndani babu akaitikia, akasema karibuni wajukuu zangu, mmechelewa, je, mmekula?"

"Akasemaje?"

"Alijua mimi sijui kusoma. Na karatasi niliishika kichwa chini miguu juu, mjomba wake alikuja kuniambia baadaye." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Akasema, soma tena, mama. Nikasoma tena. Nilisoma mpaka alfajiri."

Ukungu ulikuwa unashuka, umeshaumeza mgomba wa kwanza na wa pili. Mama akanirudishia kitabu.

"Haya, wewe umesoma, mwanangu. Nisomee kilivyoandikwa chenyewe."

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Nikaukazia macho. Nikapitisha kidole chini ya mistari, mstari kwa mstari, ili aone kwamba nafuata.

"Walibisha hodi mara ya tatu," nilisoma, "na ndani babu akaitikia. Akasema, karibuni wajukuu zangu, mmechelewa, je, mmekula?"

Hakunitazama. Alikuwa ameacha kubandua, kisu kimesimama hewani kama ule mchi wa zamani.

"Soma tena," alisema.