Hughie Gildea Apotea Kondeni Kwake

Hughie Gildea alizaliwa katika konde lile lile la nyuma ya nyumba yao, kwa kuwa mama yake alikuwa na haraka ya kukama ng'ombe na hakuona sababu ya kurudi ndani. Kila jiwe la humo analijua. Mimi ni jirani yake, na nikidanganya nadanganya makubwa tu, madogo hayalipi.

Kwa miaka mingi alichimba mahandaki Glasgow. Aliporudi kwao Donegal, Ireland, akaapa hashiki koleo tena: atawaongoza wageni kwenda kutazama majabali ya bahari, yale yanayoanza pale konde lake linapokoma. Concepta Breslin, mwenye basi la wageni, akamwambia:

"Nakujaribu mara moja, Hughie. Wakifurahi, basi litasimama kwako kila wiki. Wakinuna, nawapeleka kwa Manus, naye huongoza wageni. Punda wake anavaa kofia."

"Na mimi je?"

"Wewe si una koleo lako Glasgow?"

Attracta, mkewe Hughie, alishatangaza kwamba kuku wake hawaachi. Mume akitaka kurudi Glasgow, aende na picha yake.

Siku ya basi ukafika ukungu. Sisi huku hatuitukani hali ya hewa. Twasema siku imelainika. Siku hiyo ililainika hivi kwamba nilitundika shuka zangu juu ya ukungu bila kamba, zikakaa.

"Siku laini hii, mabibi na mabwana!" Hughie akawapokea, akawatia kondeni, Concepta nyuma yao.

Wakatembea, wakapita jiwe lenye umbo la kiti. Wakatembea sana, wakapita jiwe lenye umbo la kiti.

"Hili si tulishaliona?" akauliza Dympna, mwalimu mstaafu kutoka Dublin.

"Lile lilikuwa pacha wake, mama."

Baadaye kidogo: "Kumbe walizaliwa watatu?"

Hughie akasimama. Akajua amekanyaga yale majani ya Watu Wema, wale wadogo wa chini ya ardhi tunaowaita wema ili wasitusikie tukiwaita vingine. Ukikanyaga majani yao unapotea hata chumbani mwako. Dawa ni moja, kupindua koti. Lakini kuisema mbele ya Concepta ni kuaga basi. Na kuendelea mbele? Majabali yako huko mbele, hayabishi hodi. Akaona heri Glasgow kuliko kumdondosha mwalimu wa watu baharini.

"Jamani, msisogee. Nimepotea."

"Konde la nani hili?" akauliza Concepta.

"Langu."

"Ee Mungu wangu!"

"Vueni makoti, yapindueni, ndani iwe nje, mvae hivyo hivyo."

Wakapindua. Huyu bitana ya maua, yule ya viraka. Koti la Concepta lilikuwa limeshonewa ndani gunia la unga. Dympna peke yake akagoma.

"Mimi nimefundisha hesabu!"

"Basi tuhesabie tumezunguka mara ngapi," mgeni mmoja akamjibu, na wote wakacheka, hata Concepta na gunia lake.

Dympna akapindua kwa hasira. Ukungu ukafunguka kama pazia. Hughie alikuwa ameshika kamba ya kuanikia nguo, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na Attracta amesimama na birika.

"We mwanamke, ulituona?"

"Niliwasikia. Mmelizunguka banda langu la kuku tangu nakanda mkate, na kuku wamepata kizunguzungu."

"Mbona hukuita?"

"Nilidhani ndivyo kazi yenyewe ilivyo!"

Jua likawaka, majabali yakang'aa mpaka chini. Concepta akawauliza wageni kama waende sasa wakayatazame.

"Aa, hayo hayakimbii," akasema Dympna, koti bado limepinduka. "Bwana Hughie, tupoteze tena."

Tangu hapo basi husimama kila wiki. Koleo la Glasgow Attracta anazolea mavi ya kuku. Na juzi nimemwona Manus akipita barabarani na punda wake, kofia ya punda imepinduliwa, ndani nje.