Patro za Mama Gracieuse

Mama Gracieuse, mshonaji wa Nyakasanza hapa Bunia, alikuwa amekimbia vita mara mbili. Mara ya kwanza, huko kwao Djugu, alibeba mtoto mgongoni na cherehani kichwani. Patro zake zote, vile vipande vya karatasi anavyoviweka juu ya kitambaa ili akate mikono, kola na mabega, zilibaki zimetundikwa ukutani na kuungua pamoja na nyumba. Alizichora upya moja moja kwenye karatasi za mifuko ya simenti. Mara ya pili alizibeba, lakini mvua ikazinyeshea njiani zikawa uji. Akachora tena.

Kwa hiyo asubuhi ile watu walipoanza kuingia mjini kwa barabara ya Bogoro, magodoro vichwani, hakungoja kuuliza habari. Alizitoa patro nyuma ya kabati, akamwendea mumewe Laurent, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na kompyuta pale nyumbani na skana ya kuhifadhia karatasi zake za shule.

"Baba Aaron, washa hiyo mashini. Uniingizie hizi zote ndani ya ordinatere."

"Zote? Leo?"

"Leo. Kesho iko ya nani?"

Kioo cha skana kilitosha ukurasa wa daftari, na patro ya gauni ilikuwa ndefu kama mlango. Gracieuse akachukua mkasi. Laurent akamshika mkono.

"Usikate. Tutaipitisha kidogo kidogo, kisha vipande vitaunganishwa."

Taa ya skana ilitambaa polepole chini ya kifuniko. Gracieuse hakuweza kuingoja. Alitoka hadi uani, akatazama barabara, akarudi. Taa bado ilikuwa inatambaa. Akaisogeza karatasi kabla ya wakati, picha ikatoka imepinda, Laurent akaanza upya. Betri za sola zilipoanza kulia, Gracieuse alizima hata redio ili umeme usiishe, ingawa ilikuwa inasoma habari alizotamani kuzisikia.

"Keti basi," Laurent alisema.

"Nikiketi nasikia kama nimechelewa."

Walipomaliza patro ya gauni la sherehe, hakungoja zilizobaki. Alimtumia Wivine papo hapo kwa simu. Wivine alijifunza kushona kwake, na sasa ana atelie yake Mahagi. Gracieuse aliwaza kwamba patro ikishafika Mahagi, hakuna moto wa Bunia utakaoifikia.

Siku chache zikapita, Wivine akapiga simu. Alikuwa ameichapa ile patro, akaunganisha kurasa kwa gundi, akakata gauni la mama mmoja aliyekuwa anamuoza binti yake.

"Mama, ile robe inakatala kuingia. Imemubana mama ya watu kwa mabega, mikono haipande."

"Weye ulikata mubaya."

"Nilifuata patro, mama. Na kitambaa imeisha."

Gracieuse akakata simu. Alizunguka nyumba nzima akizikunjua patro na kuzikunja tena. Patro ile ilikuwa imewavika wanawake wengi, wanene kwa wembamba, na Wivine hakuwa mtu wa kukata ovyo. Kosa lilikuwa wapi basi? Jioni alimpigia tena, bila hata salamu.

"Chukua metre. Pima bega kwa ile karatasi ulichapa."

Wivine akapima, akataja namba. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya karatasi ya simenti. Akapima mkono, nao ulikuwa umepungua vilevile.

Laurent, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akajipiga paji la uso. "Ni imprimante, ile mashini yake ya kuchapa. Imeipunguza ili iingie kwa ukurasa wake. Sikufikiria hiyo."

"Sasa karatasi haiwezi kusema urefu wake?"

"Haiwezi, kama hatukuiandikia."

Gracieuse akachukua kalamu nyeusi na rula. Kwenye kila patro akachora mstari wa sentimita kumi, na chini yake akaandika: pima hapa kwanza. Kisha akamwambia mumewe, "Washa tena. Tunaanza mwanzo."

Wiki ile baadhi ya waliokimbia walirudi mashambani kwao, wengine wakabaki kwa ndugu zao mjini, uvumi mwingine ukaja. Gracieuse alifanya kazi yote amesimama. Neno la kuomba msamaha lilimshinda kulitoa kwenye simu, kwa hiyo alimpa msafiri wa Mahagi kitambaa kipya ampelekee Wivine. Wivine akaichapa patro mpya aliyotumiwa, akapima mstari kwanza, akaona umefika sentimita kumi kamili, ndipo akakata.

Picha ikaja: mama wa bibi harusi ndani ya gauni, anacheza, mikono juu.

Gracieuse akaikuza kwa vidole viwili. "Hapa kwa kiuno inalegea," alisema.

Laurent akacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaitandaza patro mezani, penseli mkononi, akitafuta mahali pa kupunguza.