Nati ya Sampu Hukaa Kiti cha Dereva

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama. Fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, aliniangalia kuanzia kola hadi viatu.

"Shikamoo, fomeni."

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

Mafundi wakaangua kicheko. Nikapewa ovaroli iliyonizidi, nikaambiwa niingie chini ya lori nimwage oili.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoanza kumiliki magari ya mizigo na mnaogopa kuyagusa. Kubadilisha oili si kazi ya kuogopa, ila inataka utaratibu. Mimi mwenyewe ninalo lori dogo la tani mbili, nililolinunua kwa kiinua mgongo changu, na binti yangu Rehema ndiye dereva wake. Anabeba mizigo ya maduka ya jumla ya Kariakoo. Injini ile ikifa, sina fedha za kununua nyingine, na yeye hana kazi nyingine. Kwa hiyo kila ninapolala chini ya gari lile, najua nimeshika riziki ya nyumba nzima.

Turudi Gerezani. Chini ya injini kuna bakuli kubwa la chuma linalokusanya oili, nasi tunaliita sampu. Pale chini kabisa pana bolti fupi ya kufungulia oili. Mafundi tunaiita nati, na msibishane nasi. Niliifungua, oili nyeusi ikamwagika kwenye karai na nyingine kwenye mkono wa ile ovaroli. Nati nikaitia kwenye kopo pembeni yangu, nikajiona fundi.

Fomeni akainama. "Nati iko wapi?"

"Hii hapa kwenye kopo, fomeni."

"Dereva anakaa kwenye kopo?"

"Hapana."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Basi ipeleke huko akaikalie."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana yetu. Ukiifungua nati ya sampu, unaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kiti cha dereva mpaka utakapoirudisha. Madereva wa zamani walikuwa na haraka. Dereva alikuwa anatoka kunywa chai, anaona lori limesimama bila fundi chini yake, anapanda na kuwasha. Injini isiyo na oili haihitaji muda mrefu kuharibika. Vyuma vinasagana, vinapata moto, vinashikana. Lakini dereva akikalia nati atajua. Madereva walitulaani kwa madoa ya suruali, na fomeni aliwajibu kwamba suruali inafuliwa.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa tawi lenye meneja wa karakana aliyekuwa mtaratibu kupita kiasi. Hakuruhusu mtu alale chini kabla vifaa vyote havijapangwa mezani: oili mpya, filta ya kuchuja oili, spana, vitambaa na wosha. Wosha ya sampu ni kipete chembamba cha shaba kinachokaa kati ya nati na sampu ili oili isivuje. Kikishabanwa mara moja hupoteza ulaini wake, kwa hiyo mnakibadilisha kila mara. Meneja alipita mezani akigusa kitu kimoja kimoja kwa kidole kama mwalimu anayehesabu wanafunzi. Sisi vijana tulimwiga akigeuza mgongo.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye ghala moja karibu na soko la Kariakoo, kuangalia magari ya kusambaza bidhaa. Pale nilikuwa chini ya mkuu wa madereva, mzee mwembamba aliyesema kwa sauti ndogo. Kila dereva mpya alimkalisha kwenye usukani na kumwonyesha taa nyekundu yenye picha ya birika la oili.

"Ukiwasha gari, hesabu mpaka tatu. Ikizimika, nenda. Isipozimika?"

"Nampigia fundi, mzee."

"Unazima gari kwanza. Fundi hafufui maiti."

Nilipostaafu nilidhani mafunzo yale yamebaki makazini. Kumbe yalinifuata mpaka nyumbani kwangu Magomeni.

Jumamosi moja asubuhi nilianza kubadilisha oili uani kwetu. Niliwasha lori likanguruma kama dakika kumi, kwa sababu oili yenye uvuguvugu hutoka yote pamoja na uchafu wake. Isiwe ya moto sana, msije mkaungua. Nililiegesha mahali pa usawa, nikakaza breki ya mkono, nikazuia magurudumu kwa mawe. Lori letu limeinuka vya kutosha mtu kuingia chini bila jeki. La kwenu likiwa chini, msiingie likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Nikafungua nati, oili ikatoka. Nikafungua filta, nikahakikisha mpira wake wa zamani umetoka nayo, maana wakati mwingine mpira hubaki umeganda kwenye injini, na ukifunga filta mpya juu yake oili yote itarukia nje. Filta mpya nikaipaka oili kidogo kwenye mpira, nikaikaza kwa mkono tu. Oili chafu nikaimimina kwenye dumu na kulipeleka ukutani, mbali na watoto wa wapangaji. Msiimwage mtaroni. Kuna fundi seremala jirani yetu anayeichukua kupaka mbao zisiliwe na mchwa.

Nikanyoosha mkono kuchukua wosha mpya. Haikuwepo. Nilikuwa nimenunua kila kitu isipokuwa kipete kile, na meneja wangu wa zamani hakuwepo kunipitishia kidole mezani.

Duka la spea liko barabarani, si mbali. Wosha zina saizi nyingi, kwa hiyo nikaichukua nati kitini, nikaitia mfukoni ili nikapimie pale pale. Mke wangu alikuwa sokoni. Rehema alikuwa amelala, maana jana yake alirudi na uchovu. Nikatoka.

Mwenye duka ni Mwarabu wa Magomeni, tumefahamiana tangu ujana wetu. Niliiweka nati juu ya kioo cha kaunta.

"Babu wee," akasema, "nati iko kwangu, gari liko kwa nani?"

Alikuwa anatania.  Lakini mimi nilikiona kiti cha lori kama kilivyo, kitupu, na ufunguo wa pili anao Rehema. Nikampigia simu. Ilikuwa inatumika. Nikapiga tena. Inatumika.

"Kuna nini?" akauliza mwenye duka.

"Nipe wosha. Nitakueleza."

Bodaboda alinitoza bei ya mgeni na sikubishana. Tulipokata kona ya mtaa wetu nikasikia injini inawaka. Naujua mlio wake kama ninavyojua kikohozi cha mke wangu. Ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza.

Nilishuka kabla pikipiki haijasimama. Niliamini imekufa.

Rehema alikuwa bado ameshika usukani. "Baba, taa haikuzimika. Nimehesabu tatu kama ulivyonifundisha, nikazima."

 Nikamwonyesha nati.

Akaiangalia, akaniangalia mimi. "Mama wa duka la jumla kanipigia, kuna magodoro ya kupeleka. Nikapanda nipashe gari moto." Akagusa kitambaa cha kiti kando yake. "Lakini niliangalia kiti, baba. Hapakuwa na nati. Nikajua umeshamaliza."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijapata kusahihishwa namna ile. Mimi ndiye niliyemfundisha tangu akiwa mdogo, anapokuja na chakula changu cha mchana, kwamba kiti kitupu maana yake gari liko tayari. Aliniamini. Mimi ndiye niliyekiacha kiti kiseme uongo.

Tulifunga nati na wosha yake mpya, bila kuikaza kwa hasira, kwa kuwa nyuzi za tundu la sampu, zile zinazoshika nati, zikiliwa ni hasara nyingine. Tukajaza oili, tukapima kwa kijiti mpaka ikafika kati ya alama mbili. Rehema akawasha. Tuliitazama taa pamoja. Moja, mbili, ikazimika. Nikaweka sikio. Hapakuwa na chuma kinachogonga, mlio ulikuwa ule ule. Nikazima, tukasubiri, tukapima tena na kuchungulia kama kuna mvujo. Hakuna. Magodoro yalifika kwa mwenyewe mchana ule ule.

Tangu siku ile ninayo nati mbovu ya zamani iliyofungwa kitambaa chekundu. Nati halisi ikilazimika kwenda dukani, ile nyekundu inabaki kitini. Na wosha nanunua nyingi kwa pamoja.

Mwezi uliopita Rehema alisema oili atabadilisha mwenyewe, nami nipumzike. Nikakaa barazani. Kukaa kukanishinda. Nikasogea uani, nikaona miguu yake inatokeza chini ya lori, nikaona nipande nikasikilize redio kidogo. Nikafungua mlango, nikakaa.

Nikaruka.

Kutoka chini sauti ikauliza, "Nani amekaa juu ya nati yangu?"

"Ni mimi, baba yako."

"Umekuja kazini au umekuja kuposa? Shuka, mzee."

Nikashuka. Kanzu niliyovaa ilikuwa nyeupe, na doa lake mpaka leo halijatoka. Nilirudi barazani, na mara hii nilikaa.