Faili Namba 58,307,261

Shangazi yangu ni mtunza mafaili katika masjala ya vizazi, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona namba akaiacha ipite. Mchumba wangu alipomwachia namba yake ya simu, aliikodolea macho kisha akaniambia, "Mwanangu, hii haigawanyiki kwa mbili, kwa tatu, wala kwa kumi na moja. Utaolewa na mbishi." Nimeolewa naye. Mbishi kwelikweli.

Ofisi yetu ni moja: mimi mbele kwenye kompyuta, yeye nyuma kwenye rafu. Siku hiyo alikuja mama mmoja wa makamo na kikaratasi kilichochakaa kwa kukunjwa. Mama yake mzazi alifariki siku chache baada ya kumzaa, akalelewa na watu baki, wakampa jina lao. Alichotaka ni kujua jina alilopewa na mama yake, basi. Kwenye kikaratasi kuna tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili: 58,307,261. Nikaichapa.

"Hakuna, mama."

Akasema ni mara ya tatu anaambiwa hivyo, na mara zote ni mimi. Jamani, masikio yaliniwaka kwa aibu.

Shangazi akachungulia begani kwangu. "Hiyo si namba yetu."

"Umejuaje, na hujaitafuta?"

"Hivi wewe walikuajiri ufanye nini? Jumlisha tarakimu kwa kuruka moja moja. Tano, tatu, saba, sita: ishirini na moja. Zilizobaki nane, sufuri, mbili, moja: kumi na moja. Toa, inabaki kumi. Namba zetu zote zinagawanyika kwa kumi na moja, kwa hiyo lazima ibaki sufuri, au kumi na moja na mafungu yake, basi!"

Kumbe mkuu wa kwanza wa masjala ndiye aliyepanga hivyo, maana makarani wakiandika haraka hupindua tarakimu mbili zilizo jirani. Zikipinduliwa tu, namba inakataa kugawanyika. Shangazi akachomoa kalamu, akaanza kupindua jirani kwa jirani kwenye kiganja chake. Zikakubali mbili tu: 58,307,216 na 58,302,761.

Faili la kwanza lilikuwa la mtoto wa kiume. Yule mama akajishika kifua. Shangazi akarudi tena kwenye rafu, na alipotoka tarehe kwenye jalada ilikuwa ile ile ya kikaratasi.

"Fungua mwenyewe, mdogo wangu."

Akafungua, akasoma, akarudia kusoma. Machozi yakamtoka huku anacheka. Jina lenyewe ni lake, mimi silitangazi hapa.

"Nina miaka arobaini na miwili," akasema, "sijawahi kuitwa hivi. Hebu niite, dada."

Shangazi akaliita kwa sauti, watu wote kwenye foleni wakageuka.

"Abee!" akaitika yule mama.