Funda la Kwanza

Kiprugut arap Sitonik hakuwahi kuwa mtu wa kutajwa. Kwa miaka kumi na minane aliendesha gari la ng'ombe la maji katika shamba moja la ngano juu ya Njoro, kule ardhi inapoanza kupanda kuelekea msitu wa Mau, na mtu wa maji ni kama chumvi, hukumbukwa siku anapokosekana. Alikuwa mrefu na mkimya, akichechemea kidogo tangu maksai mmoja alipomkanyaga mguu. Mkewe, Chepkurui, alizoea kulalamika kwamba mumewe huyamaliza maneno yote kwa ng'ombe asubuhi, nyumbani akaleta kuguna tu.

Kila alfajiri alipanda na maksai wake wanne mpaka kwenye chemchemi iliyotoka chini ya mawe, pembeni mwa msitu, akajaza tangi debe baada ya debe, kisha akateremka hadi laini, vile vibanda vya wafanyakazi vilivyojengwa safu. Wanawake walikuwa wamekwisha panga madebe yao. Lakini hakuna aliyegusa mfereji wa tangi kabla ya Kiprugut kunywa. Alikinga kikombe kimoja cha bati, akanywa funda la kwanza mbele ya watu wote, akakimaliza.

Hakuna aliyemwamuru. Kwao Wakipsigis, kama kwa Wakikuyu waliokuwa wengi pale laini, anayekuletea kinywaji huonja kwanza, ndipo ujue hakuna ubaya ndani yake. Kikombe kilitunzwa na mama mmoja wa makamo, Mugure, aliyependa utani kuliko chakula. Kiprugut akishamaliza kunywa, Mugure humtazama juu mpaka chini na kusema, "Arap bado anasimama. Haya, chukueni." Watu hucheka, madebe huanza kugongana. Urafiki wao wote ulikuwa huo, dakika tano kila asubuhi kwa miaka mingi, na wako ndugu wa tumbo moja wasio na hata hizo.

Kisha serikali ya wakoloni ikatangaza hali ya hatari, ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Wakikuyu wa shamba lile walibomolewa vibanda vyao wakakusanywa katika laini mpya mlimani, wakazungushiwa seng'enge, askari langoni. Msitu ukapigwa marufuku, na mtu akionekana huko angeweza kupigwa risasi asiulizwe jina. Chemchemi ilikuwa ndani ya marufuku hayo. Mwenye shamba, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, alimwonyesha Kiprugut bwawa la mifugo lililokuwa bondeni, chini ya laini mpya. "Maji ni maji," alisema. Yeye mwenyewe alikunywa maji ya mvua kutoka tangi la paa lake, na hayo pia ni maji, lakini hakuyataja.

Vyoo vya laini mpya vilichimbwa kwa haraka, vifupi, juu ya mteremko. Mwaka wa hamsini na nne mvua ya Aprili ilipiga wiki tatu mfululizo, na kila kilichokuwa mlimani kikateremka bondeni. Mwisho wa Mei mzee mmoja alishikwa na homa iliyomlaza siku kumi na nne, akafa. Wakafuata watoto wawili wa nyumba moja. Kisha akalala Wangare, mjukuu wa Mugure, msichana wa miaka sita aliyekuwa akiwapigia maksai miluzi kila gari linapofika.

Dresa, msaidizi wa daktari, alikuja kwa baiskeli kutoka Njoro. Jina lake Naftaly, kijana mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi hata katika matope yale. Alitazama vyoo, akatazama bwawa, hakuhitaji kutazama zaidi. Akasimama katikati ya laini.

"Hii ni homa ya matumbo," alisema. "Iko kwa maji. Kila mtu achemshe maji mpaka itokote, ndiyo akunywe."

"Na kuni?" aliuliza Nderitu, nyapara wa laini. "Kila nyumba inapewa mzigo moja kwa wiki. Maharagwe peke yake inamaliza. Halafu, daktari, Arap anakunywa hii maji kila siku, tunamuona na macho. Yeye mbona hafi?"

Watu wote wakamgeukia Kiprugut, aliyekuwa ameshika kamba ya maksai. Alikuwa mzima kama mti. Naftaly naye akamtazama, akamvuta kando ya gari.

"Mzee, ulishawahi kuugua homa ya tumbo?"

"Zamani, mwaka wa nzige. Karibu nikufe. Nywele yote ilitoka."

"Basi ndiyo hiyo. Mwili yako ilishajua huu ugonjwa, yao haijui. Na kwako nyumbani unakunywa nini?"

"Maziwa ya kibuyu. Na chai."

"Mzee, mimi naweza kuongea hapa mpaka jua iingie. Lakini hiyo kikombe yako moja inaongea kunishinda."

Maneno hayo yalimwingia Kiprugut kama mwiba. Miaka yote aliamini kwamba lile funda lilikuwa ukweli wake, kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwapa watu mbali na maji yenyewe. Sasa anaambiwa limekuwa uongo, na wenye kuuamini wanazikwa. Aliona haya, na hakujua haya ya nini, maana hakuwa amemkosea mtu.

Alijaribu njia zilizonyooka kwanza. Asubuhi iliyofuata hakukinga kikombe, akawaambia maji ni mabaya, wachemshe. Wakacheka. "Arap amechoka kukunywa na sisi," wakasema, wakachota. Siku ya pili alikwenda kwa Bwana Miwani, akavua kofia, akaomba ruhusa ya kupanda chemchemini na askari mmoja. Akakataliwa. Akaomba kuni za laini. Akaambiwa arudi kazini.

Jioni hiyo alimweleza Chepkurui alichokusudia kufanya. Yako mambo ambayo hata mtoto mdogo wa kule alijua maana yake. Kutokuonja ni usahaulifu, au kiburi. Lakini kukinga kinywaji ulichowaletea watu, ukakifikisha mdomoni, kisha ukakimwaga chini mbele yao, hiyo ni kusema ndani mna kifo na wewe unamjua aliyekitia.

"Watasema umewawekea sumu," Chepkurui alisema.

"Watasema."

"Na sisi si watu wa kwao. Wakati kama huu! Watakuua, baba Jerop."

"Wakisema ni sumu, hawatakunywa."

Chepkurui alilia, kisha akakasirika, kisha akamwekea chakula. Hakumkataza. Kwa hilo tu mwanamke yule alistahili kuandikwa peke yake.

Wangare alifariki siku iliyofuata, akazikwa mchana uleule nje ya seng'enge, askari wawili wakiwalinda waombolezaji. Kiprugut alidhani kesho yake Mugure hatatokea. Alitokea. Alikuwa amejifunga leso kichwani, macho yamevimba, na kikombe cha bati mkononi kama kawaida, kwa sababu watu wanaishi na wanaoishi hunywa maji. Utani haukuwepo. Alikinyoosha tu.

Kiprugut alikinga. Akainua kikombe mpaka kikagusa mdomo. Kundi zima lilikuwa linamtazama kama linavyomtazama siku zote, bila wasiwasi. Akakigeuza. Maji yakaanguka kwenye udongo, kati ya miguu yake na ya Mugure.

Debe moja likaanguka. Mugure alitazama ile alama ya maji chini, kisha akamtazama yeye.

"Arap," alisema taratibu. "Ni wewe?"

Angeweza kujibu. Neno moja tu la hapana lingetosha, na Mugure angelisadiki, na baada ya Mugure laini nzima, na wangechota. Kiprugut alifunga mdomo. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni, la pili mgongoni, la tatu likampata ng'ombe. Waswahili walisema tenda wema nenda zako, lakini hawakusema ukitupiwa mawe uende wapi. Askari wa langoni ndio waliomtoa, damu ikimtiririka mpaka kifuani, na Nderitu akiwazuia vijana kwa fimbo ya unyapara.

Siku ile tangi lote lilimwagwa, watu wakiamini bwawa zima lina sumu ambayo moto pekee huimaliza. Watu wakagoma kwenda kazini mpaka wapewe kuni za kuchemshia, na kwa kuwa ngano ilikuwa inangoja palizi, Bwana Miwani ambaye hakuwa na kuni juzi akawa nazo leo. Akakata safu nzima ya miti ya saiprasi iliyokinga upepo. Tangu hapo hakuna nyumba iliyokunywa maji mabichi. Kati ya waliokuwa wagonjwa, wawili walikufa na wengine wakapona, na kufikia Agosti homa ilikuwa imekwisha.

Kiprugut alikaa polisi siku tano. Naftaly alikwenda akamweleza mkubwa wa kituo mambo yalivyokuwa, Kiprugut akaachiliwa kimyakimya, akapewa kazi ya kuchunga kondoo upande wa mbali wa shamba. Sikio lile halikusikia tena. Katika laini hakuna aliyemsalimu, na akipita, kina mama waliyafunika madebe. Jerop, bintiye, alirudishwa njiani na watoto wa laini siku aliyopeleka mayai kuuza. Miaka mitano ni mingi kwa mtu kuishi hivyo, na asikudanganye mtu kwamba moyo huzoea.

Mwaka wa hamsini na tisa seng'enge ilikuwa imekwisha ng'olewa. Naftaly, aliyekuwa amehamishiwa Molo siku nyingi, alipita kumwona. Walikaa nje ya nyumba, Chepkurui akawapa chai. Kutoka hapo waliiona laini yote, na moshi ukipanda kutoka kila jiko.

"Mzee, hii jambo inanisumbua," Naftaly alisema. "Jumapili watu wakitoka kanisani nitasimama niwaambie yote. Kwamba hukuweka kitu. Kwamba ulikuwa unawaokoa."

"Mwambie umekubali," Chepkurui alisema haraka. "Baba Jerop, mwambie."

Kiprugut alitaka. Tusimfanye malaika, alitaka mpaka mikono ikamwuma. Alitaka kuitwa kwa jina, alitaka mtu amtanie. Alitazama bonde kwa muda mrefu.

"Bado wanachota wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa bwawa," Chepkurui alijibu. "Chemchemi ilipewa ng'ombe ya bwana."

"Basi ukiwaambia hakukuwa na sumu, watazima moto. Kuni ni taabu, daktari. Watasema walidanganywa, na watakunywa."

"Hata Mugure?" Naftaly alisema. "Huyo peke yake, nikamwambia polepole? Anaenda kaburini akifikiri ulimuua Wangare."

Machozi yalikuwa yanamtoka Kiprugut na hakuyafuta.

"Mugure ako na wajukuu wengine wanne," alisema.

Naftaly alimaliza chai yake, akachukua baiskeli, akarudi kwa njia ya juu bila kupitia laini.