Filamu Isiyo na Ufa

Jumamosi, kwenye duka la simu pale Mbugani, nilimkuta mama mmoja muuza vyungu kutoka ziwani. Bando lake lilitosha filamu moja tu, naye alikuwa akimwomba binti wa dukani ampakulie iliyo nzuri.

Mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikadakia: "Mama, chukua hii ya ngumi! Watu wanaruka kutoka ghorofani!"

Binti akamwonjesha kidogo. Mama akafumba macho, akaitegea simu sikio kama anavyotegea chungu anapokigonga kusikia kama kina ufa.

"Hii hapana. Wanapiga kelele tu."

"Lakini mama, hujaiangalia!"

"Baba yenu kule nyumbani haoni tangu mwaka jana, mwanangu. Nataka ambayo naye ataiona."

Nikameza ngumi zangu zote. Binti akafungua nyingine, ya kijiji fulani cha mbali. Mvua ikaanza kunyesha juu ya bati, bibi mmoja akacheka, ng'ombe wakalia kwa mbali. Duka zima tukatega sikio, hata mimi. Mama, macho bado kayafumba, akatabasamu taratibu.

"Hii haina ufa," akasema. "Ndaga, mwanangu, asante sana."

Basi ninyi mnaoniulizaga filamu ya wikiendi, tafuteni hiyo ya mvua. Juzi niliiweka sebuleni, nikafumba macho.

"Sasa unaangalia au umelala?" mke wangu akauliza.

"Taratibu, mama watoto," nikamwambia. "Ng'ombe wanakaribia nyumbani."